Kazi Ndogo Ndogo za Nyumbani

Jumatatu baada ya Pasaka, mwaka ule unga wa ngano ulipoadimika Mwanza nzima, tulimpoteza sista wa jikoni. Alifariki asubuhi, aproni ikiwa bado kiunoni. Mimi nilikuwa mfuaji wa nguo pale konventi. Kwa miaka kumi na moja tulitumia moto mmoja: yeye sufuria, mimi pasi ya mkaa.

Mama Mkuu alipokuwa akiandika wasifu wa kusomwa kanisani, nilimwomba aongeze kwamba hostia zote, kuanzia Mkolani hadi Ilemela, zilitoka mikononi mwa marehemu.

"Hizo ni kazi ndogo ndogo za nyumbani," akasema. "Na mwenyewe alipenda unyenyekevu."

Unyenyekevu ulikuwa wake. Nani aliwapa wao ruhusa ya kumfunikia nao? Sista mwalimu alipofariki, wasifu wake ulisomwa mpaka miguu ikatufia ganzi. Huyu wetu: alizaliwa Ukerewe, akaweka nadhiri, akafanya kazi ndogo ndogo za nyumbani. Basi. Tena ulisomwa mara baada ya komunyo, hostia yake ikiwa haijayeyuka vinywani mwetu.

Alhamisi masista wawili vijana walijaribu kuoka. Waliukata mkate papo hapo ulipoiva, hostia zikavunjika kama majani makavu. Kopo zima la unga likaishia hapo, unga ambao marehemu aliupangia foleni Kirumba tangu alfajiri. Mama Mkuu akanifuata mwenyewe kwenye karo la kufulia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hivi sista alikuwa anafanyaje zisivunjike?"

"Si kazi ndogo ndogo za nyumbani, Mama?"

"Una ulimi wewe."

Sijivunii jibu lile, ila sikulifuta. Nikamwambia nitawaonyesha, naye Jumapili aagize lisomwe neno moja tu kanisani: kwamba sista ndiye alikuwa akituokea hostia.

"Tutaona," akasema.

Niliwaonyesha mchana ule ule. Chuma cha kuokea kipakwe nta kidogo, uji wa ngano umiminwe mwepesi. Ukishaiva, mkate ule usikatwe. Ufungwe kwenye kitambaa chenye unyevu, ulale humo hadi kesho yake, ndipo ukatwe. Ijumaa wakakata. Haikuvunjika hata moja.

"Kumbe ni kungoja tu," sista mmoja akasema.

"Ndiyo, ni kungoja tu," nikamjibu.

Jumapili nilingoja matangazo. Ikasomwa zamu ya shamba la kijiji. Zikasomwa ndoa. Akatangazwa ng'ombe aliyepotea Ilemela, rangi yake na pembe yake iliyovunjika. Kisha padre akafunga daftari.

Nikasimama pale pale, kwenye benchi la nyuma. Nikasema, "Hostia mlizokuwa mnakula miaka yote zilikuwa za sista wa jikoni tuliyemzika."

Watu wakageuka. Mama Mkuu hakugeuka.

"Kaa, mama," padre akasema.

Nikakaa.