Mpira Niliompa Struan Pirie

Hapa Kilbrannie, mji wetu mdogo wa Uskoti, bado wapo wanaonipiga begani kwenye baa na kuniambia, "Dod, siku ile ulionyesha uungwana." Uungwana wapi? Nilimmaliza mtu, tena baada ya kumwapia. Nimechoka kusifiwa, ndiyo maana nasema.

Mimi ndiye mkata nyasi wa uwanja wetu wa gofu, mwaka wa thelathini na moja huu. Struan Pirie nimemjua tangu akiwa kibogoyo wa meno ya mbele. Mama yake, Bi Ishbel, alikuwa anafanya usafi katika jengo la klabu, na yeye akimsubiri nje na fimbo moja ya gofu ya marehemu mjomba wake, iliyokatwa ikamtosha kimo. Alipotimiza miaka kumi na mitano hakukuwa na mtu mzima wa kumshinda. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni mali ya mji mzima. Alipokwenda kuwa mchezaji wa kulipwa, muuza nyama alibandika picha yake dirishani, kati ya soseji na pai, ikakaa pale mpaka ikapauka.

Alicheza miaka kumi na moja, nchi hii na ile. Mara moja, Ureno, alikuwa wa pili kwa pigo moja tu, na sisi tuliokuwa tunatazama kwenye televisheni ya klabu tulikaribia kuvunja viti. Kisha ugonjwa ule ukamwingia mkononi.

Una jina, lakini wacheza gofu hatulitaji. Ukilitaja mezani, watu wanabeba bia zao wanahama. Mtu anapiga mpira mita mia mbili na hamsini, unatua pale pale alipotaka. Halafu umebaki urefu wa mkono kufika shimoni, kazi ya bibi kizee, na mkono unaruka wenyewe. Struan alijaribu fimbo ndefu, akajaribu kugeuza mikono, akajaribu kufumba macho. Alikwenda Edinburgh kwa daktari aliyemwambia apumzike. Apumzike! Msimu ule ule akapoteza nafasi yake mashindanoni, akarudi nyumbani, akawa anaendesha gari la mikate. Picha ikatoka dirishani, na hakuna aliyesema aliyeitoa ni nani.

Miaka ikapita, akarudishwa kuwa mchezaji wa ridhaa, akajiandikisha kwenye ubingwa wa mji, nami nikiwamo. Nilifurahi, sitaficha. Lakini ule ni mchezo wa mmoja kwa mmoja, nao una adabu yake: mpira wa mwenzako ukilala karibu na shimo, unamwambia "chukua", unahesabiwa umeingia bila kupigwa. Na neno hilo likishatoka limetoka. Aliyesema hawezi kulifuta, aliyeambiwa hawezi kulikataa.

Basi wiki nzima watu wakawa wanampa. Kwanza mipira ya shubiri moja, sawa. Baadaye ya hatua moja, ya hatua mbili. Ijumaa, kwenye nusu fainali, Eck Rintoul mwoka mikate, tajiri yake Struan, mtu ambaye hakupi hata chumvi, akampa mpira wa hatua tatu nzima, Struan akashinda. Mimi nilikuwa nimeshashinda upande wangu, kwa hiyo fainali ilikuwa yeye na mimi.

Jioni ile akaja bandani kwangu nikinoa visu vya mashine.

"Umeona alichonifanyia Eck?"

"Nimeona. Bahili lile, nilidhani kapatwa na kiharusi."

Hakucheka. "Wamenibeba, Dod. Wiki nzima wananibeba kama jeneza. Kesho usinipe hata mmoja. Hata ukiwa umelala mdomoni mwa shimo."

"Nikupe wewe? Mimi nataka kombe, bwana. Kesho sikupi hata salamu."

Hapo akatabasamu kidogo. "Nataka mmoja tu wenye maana, niusukume mwenyewe. Ukiingia nitajua mimi bado mchezaji. Usipoingia nitajua yameisha, niache kujidanganya. Niapie."

Nikamwapia kwa kaburi la baba yangu.

Jumamosi upepo wa baharini ulikuwa unakata masikio. Alikosa mipira minne midogo, mmoja wao hata mama yangu angeuingiza kwa ufagio, nami nikauma mdomo nisimpe. Yale mapigo yake marefu ndiyo yaliyomweka sawa na mimi. Tukafika shimo la kumi na nane tukiwa tumelingana, na mji wote umesimama pale, Bi Ishbel mbele amejifunga shali. Mimi nikamaliza kwa mapigo matano, vibaya. Yeye alikuwa amepiga matatu, na mpira wake umelala urefu wa mkono tu kutoka shimoni. Ukiingia, yeye bingwa.

Akausimamia. Mikono ikaanza. Akarudi nyuma, akapangusa viganja kwenye suruali, akasogea tena. Nikaona fimbo inacheza juu ya nyasi na jasho linamtiririka katika baridi ile. Akarudi nyuma tena. Kwenye umati mtu akakohoa, na Bi Ishbel akageuza uso pembeni. Sikuweza. Mungu anisamehe, sikuweza kusimama pale nikatazama.

"Chukua, Struan," nikasema. "Wako huo."

Watu wakapiga makofi. Yeye akanigeukia.

"Irudishe kauli yako, Dod."

"Hairudi. Unajua mwenyewe."

Nahodha wa klabu alishakuja amenyoosha mkono wa pongezi. Struan akampita, akausimamia mpira ule ule, akausukuma. Ukaingia katikati ya shimo, taratibu. Akautoa, akaurudisha pale pale, ukaingia. Akarudia mara sita, mara saba, na mkono umetulia kama wa mtu anayekata mkate. Watu wakashangilia zaidi, wakidhani anasherehekea. Mimi nilijua. Ulitulia kwa kuwa hapakuwa tena na cha kupoteza, na ule mmoja wenye maana nilikuwa nimeshauchukua mimi.

Watu walipoingia ndani kunywa tukabaki wawili. Akauliza polepole, bila hasira, "Niambie kweli. Ulidhani nitakosa?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja siku ile.

"Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Jina lake limeandikwa kwa dhahabu kwenye ubao wa mabingwa, mimi ndiye niliyeshika ngazi fundi akiliandika, na Struan hajaja kuliona.