Mgeni wa Bi Moza

Antonia Mikaeli alizaliwa milimani, upande wa Kipatimu, kwenye ukoo wa wakulima wa muhogo na machungwa. Alishuka Somanga akiwa mjane bado kijana, akafungua chumba cha picha kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Lindi yanaposimama abiria wanunue samaki wa kukaanga. Miaka yote alipiga kwa filamu. Mkanda ukijaa alimkabidhi utingo aupeleke Dar es Salaam ukasafishwe, na yeye akabaki akimwomba Mungu bwana harusi asiwe amefumba macho. Picha zikirudi mbaya hapakuwa na la kufanya. Harusi ilishapita, maiti alishazikwa.

Mwaka uliofuata kufunguliwa kwa daraja la Rufiji, mdogo wake Deo, aliyekuwa akisafisha picha kwenye duka moja la Kariakoo, alimletea kamera ya dijitali. Siku hizo vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa madukani, na kila mwenye jamaa mjini alikuwa akipokea kitu.

“Dada, hii haina filamu ya kuogopa kuimaliza,” Deo alimwambia. “Piga, tazama, kosea, piga tena.”

Antonia akawa kama mtoto aliyepewa ngoma. Alipiga maembe ndani ya bakuli, akapiga paka, akapiga mlango wake asubuhi na mlango uleule mchana. Akagundua kwamba jua la utosini huchimba mashimo kwenye macho ya watu, na kwamba mtu akisogea kidogo tu hadi kizingitini uso wake hutulia. Akagundua kwamba flashi huufanya uso ung'ae kama andazi lililotoka mafutani. Deo akamfundisha kwa simu kwamba ndani ya nyumba yenye giza flashi izimwe, kamera ikalishwe juu ya kitu kisichotikisika, na jicho lake liachwe wazi kwa muda mrefu linywe mwanga taratibu.

“Ila mtu asijitingishe,” Deo alisema. “Anayetembea anafutika. Aliyetulia ndiye anayetoka.”

Alilijaribu jambo hilo pale kituoni, siku ya mawingu. Kwenye kioo cha kamera mabasi yaligeuka ukungu, na wachuuzi waliokuwa wakikimbilia madirishani walitoweka kabisa. Alibaki mama mmoja tu aliyekuwa amesinzia kando ya beseni lake, kana kwamba barabara nzima ilikuwa yake. Antonia aliitazama picha ile kwa furaha, kisha akainua macho kuwahesabu wachuuzi waliofutika.

Ndipo Yassini, mkulima wa Njinjo, alipokuja kumwomba akampige picha mama yake.

“Mama amezeeka, dada Antonia,” alisema. “Sitaki itokee kama kwa baba.”

Baba yake, Abdurahmani, alichukuliwa na mto Matandu mwaka wa mvua za El Nino, alipokwenda kuangalia shamba lake la mpunga. Hakuonekana tena, na hakuacha picha hata moja. Mkewe, Bi Moza, alikataa kukaa eda. Alikataa pia mumewe asomewe hitma ya kumwombea, kwa kuwa hakuna aliyemwona maiti. Miaka ikapita hivyo, mume si hai na si marehemu.

Antonia akapanda gari la Liwale, akashuka Njinjo. Bi Moza alimpokea barazani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, jua linakuunguza.”

Sebule ilikuwa na dirisha dogo na kitanda cha kamba kilichotandikwa mkeka. Bi Moza akakaa mwisho mmoja wa kitanda, mikono mapajani. Antonia akapindua kinu cha kutwangia, akaiweka kamera juu yake, akazima flashi.

“Tulia, mama. Usicheke mpaka nikwambie.”

Kamera ikafumbua jicho, ikafumba. Antonia akainama kutazama kioo. Bi Moza alikuwa ametoka vizuri, hata mikunjo ya vidole ilihesabika. Lakini mwisho wa pili wa kitanda palikuwa na kitu kama mvuke, kimesimama wima kutoka kwenye mkeka hadi usawa wa bega la mtu. Akapiga tena. Mvuke ulikuwepo palepale.

Akajiambia ni uchafu kwenye lenzi, akaifuta. Akajiambia ni mwanga wa dirisha, akaliziba kwa kanga. Picha ikawa nyeusi zaidi, na mvuke ukawa mweupe zaidi. Alimpiga Bi Moza picha nyingine nje, kizingitini, akaaga na kuondoka.

Jioni hiyohiyo akampigia Deo.

“Utakuwa umetikisa kamera,” Deo alisema.

“Ningetikisa, mama wa watu angetikisika pia.”

“Basi picha mbili zimepandana.”

“Hayo ni mambo ya filamu, Deo. Wewe ndiye uliyeniambia kwenye kadi haziwezi kupandana.”

Deo akasema atamtumia stendi ya miguu mitatu.

Antonia angeweza kuacha. Kazi ilikuwa imekwisha, na picha ya kizingitini ilikuwa nzuri. Lakini alikuwa mtu wa kutopenda kushindwa na chombo chake. Stendi ilipofika alijifunza kuisimamisha hata juu ya udongo usio sawa. Alijifunza kuuachia mtambo ujifyatue wenyewe, ili kidole chake kisiwe na lawama. Alijifunza kutundika shuka nyeupe pembeni, mwanga ugonge pale na kurudi usoni kwa upole. Kisha akarudi Njinjo, akasema anataka kumpiga Bi Moza vizuri zaidi.

Safari hii mvuke ulikuwa na magoti.

Ulikuwa na magoti, na mikono miwili juu yake, na kichwa kilichoinama kidogo. Uso haukuonekana. Antonia alishindwa kuificha kamera kwa haraka. Bi Moza alikwisha kusogea na kutazama kioo. Mwanamke yule mzee hakushtuka. Aligusa kioo kwa ncha ya kidole.

“Ndivyo alivyokuwa anakaa,” akasema polepole. “Baba Yassini. Hata kofia yake ile pale.”

Antonia hakuona kofia. Aliona weusi tu kichwani. Lakini angesema nini? Yassini alikuja kutazama naye, akaketi sakafuni karibu na mama yake.

“Mwanangu,” Bi Moza alimwambia Antonia, “nimeanza kuusahau uso wake. Naamka asubuhi nautafuta siupati. Nitoe mkosi huo. Nipatie uso, kisha nitakubali asomewe.”

Antonia alirudi Somanga akiwa na mzigo ambao hakujua autue wapi. Yeye ni mtu wa kanisani. Mambo ya waliokufa aliyaachia misa na makaburi. Lakini kila alipofumba macho alimwona Bi Moza akigusa kioo. Basi akafunga dirisha la chumba chake, akajizoeza gizani. Alipiga viti vitupu. Alipiga nguo nyeusi zilizotundikwa kwenye ukuta mweusi, mpaka akajua namna ya kuzitenganisha. Alijua sasa pa kuielekeza kamera ili isome giza lenyewe, si dirisha. Na wakati wote kuna jambo lilimsumbua: kwa nini yule wa kitandani mara ya kwanza alitoka kama mvuke, na mara ya pili akawa na magoti? Kamera ilikuwa ileile. Labda ni yeye Antonia aliyeongeza ujuzi. Au labda yule aliyekaa pale naye alikuwa akijifunza kutulia.

Siku iliyopangwa kwa picha na hitma, ndugu walikuwa wameshakusanyika uani. Masufuria ya pilau yalikuwa jikoni. Antonia akasimamisha stendi, akatundika shuka, akamkalisha Bi Moza mahali pake. Kuku aliyekuwa akiparuaparua mlangoni aliacha, akatoka nje. Kamera ikajifyatua.

Antonia alitazama kioo.

Aliyekaa mwisho wa pili wa kitanda alikuwa kijana. Hakufika hata miaka thelathini. Hakuwa na kofia. Kile Bi Moza alichodhani ni kofia zilikuwa nywele zilizolowa na kulala juu ya paji la uso. Shati lake lilikuwa limeganda kifuani kama la mtu aliyetoka majini muda huohuo. Alikuwa ameketi kwa adabu pembezoni mwa kitanda, kama anavyoketi mtu kwenye nyumba asiyowajua wenyewe, na alikuwa akiitazama kamera.

Bi Moza aliomba aone. Antonia alitamani kuifuta ile picha, kidole kilikuwa juu ya kitufe, lakini alimpa. Mzee aliangalia kwa muda mrefu.

“Huyu si mume wangu,” akasema.

“Ni nani basi?” Yassini aliuliza.

“Simjui.”

Yassini akataka watu waondoke, chakula kigawiwe majirani, nyumba ifungwe. Mama yake akamwinulia mkono.

“Kaa chini, Yassini. Mto ule haukumchukua baba yako peke yake. Huyu ni mtoto wa watu. Miaka yote hii amekaa humu ndani na sisi, hakuvunja hata kikombe.” Akafuta kioo kwa upande wa kanga yake. “Pengine na wetu amekaa hivi mahali. Kwenye nyumba ya watu, huko chini mto unakokwenda, na hawamjui. Ningependa wamfanye nini?”

Akamrudishia Antonia kamera.

“Basi mwambieni sheikh aanze. Wasomewe wote wawili.”

Wakasomewa wote wawili, mmoja kwa jina lake na mwingine bila jina. Antonia alisimama nje karibu na shimo la taka akilia, na hakujua analia nini.

Bi Moza alimwomba jambo moja: picha ya yule kijana itundikwe kwenye ubao wa chumba chake Somanga, penye mabasi, labda mtu wake atapita. Deo aliitoa kwenye karatasi kubwa. Akapiga simu kuuliza kwa nini kijana huyo amelowa na mkeka aliokalia ni mkavu. Antonia akamwambia asitazame sana, aitume tu.

Mvua mbili zikapita picha ikiwa ubaoni. Abiria waliitazama huku wakitafuna samaki. Siku moja mwanamke wa makamo aliyetoka Liwale alisimama mbele yake mpaka basi lake likapiga honi, likaondoka. Aliitwa Angela.

“Hii umepiga lini?” aliuliza.

“Mwaka juzi.”

“Haiwezekani,” alisema taratibu, bila ubishi. “Huyu ni mdogo wangu, Klementi. Alivuka Matandu mwaka wa El Nino.” Kisha akanyoosha kidole. “Na huyu mama aliyekaa naye?”

“Ni mwenye nyumba. Bi Moza, wa Njinjo.”

Angela aliitazama tena. “Alimpa mahali pa kukaa,” akasema.

Antonia alimpeleka Njinjo yeye mwenyewe. Wanawake wale wawili walikaa kwenye kitanda cha kamba kutwa nzima, na Angela alipoondoka aliuchukua ule mkeka, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kwenda kuzika nyumbani. Bi Moza aliposhauriwa apigwe picha tena sebuleni, alikataa. Alisema aliyekuwemo ameshaondoka, anajua. Nyumba sasa ina mwangwi.

Antonia bado anapiga picha. Watu wa Kilwa humsifu kwa nyuso zake, wanasema hakuna wa kumfikia. Akiitwa kwenye nyumba zilizo karibu na Matandu, kuanzia huko juu hadi kwenye mikoko mto unakoingia baharini, kwanza huomba watu watoke sebuleni. Husimamisha stendi, huzima flashi, huliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu. Anamtafuta mzee mwenye kofia, mume wa Bi Moza. Mpaka sasa hajampata. Kuna nyumba amekuta viti vitupu tu, na kuna nyumba mbili ambazo hajawaambia wenyewe alichokiona, kwa sababu bado ni mvuke.