Pembe ya Mbuzi na Mashine ya Sumaku

Vita vilipofika mji wetu wa Baraka, kipande cha bomu kilimrukia mume wangu juu ya jicho la kushoto akipalilia mihogo. Kidonda kilifunga na chuma ndani, likabaki kovu dogo kama punje ya mchele. Siku zile kovu lilikuwa kesi. Kwenye kila bariere, kizuizi cha barabarani, hadi Kazimia ziwani, askari waliwapigisha wanaume magoti, mikono kichwani, wakawakagua, na mwenye alama ya chuma alihesabiwa mpiganaji. Wengi hawakurudi. Tukatunga jibu: alichomwa na pembe ya mbuzi. Mimi ndiye niliyemfundisha jikoni, maana mume wangu uongo haujui, hukohoa kwanza.

Jibu hilo lilitufikisha Kazimia, tukapanda boti, tukavuka ziwa.

Huko ukimbizini pua ikaanza kumtesa. Miaka miwili ya usaha, kichwa kinagonga, na harufu iliyonifanya nimgeuzie mgongo kitandani, nami nampenda. Vidonge havikusaidia. Daktari wa hospitali kubwa akatueleza: kama ni usaha tu, watabadilisha dawa, kama ni kuvu, ni kupasua kabla haijapanda jichoni. Mashine ya sumaku, inayopiga picha ndani ya kichwa, ndiyo ingetofautisha.

Mhudumu wa mashine, mama mpole, alikuja na karatasi.

“Baba, una chuma chochote mwilini? Risasi, kipande cha bomu? Sumaku inaweza kukivuta, ukapofuka.”

Mume wangu akakohoa. “Hapana, mama.”

“Na hilo kovu?”

“Ni pembe ya mbuzi.”

Alilisema vizuri, kama nilivyomfundisha. Akavua saa, akavua mkanda. Mlango wa mashine ulikuwa wazi, nayo inagonga ndani kwa ndani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye bariere yoyote. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata nilikuwa mimi.

“Mama, iko chuma,” nikasema. “Ni bomu. Mi ndiye nilimufundisha kusema mbuzi.”

Mume wangu hakunitazama. Alipiga magoti sakafuni, akaweka mikono kichwani, akangoja.

“Inuka, baba,” mhudumu akasema. “Tutakupiga picha nyingine, isiyo na sumaku.”

Picha hiyo baadaye ilionyesha kuvu, na chuma kimelala karibu kabisa na jicho. Walimpasua, akapona. Lakini siku ile, pale sakafuni, hakuinuka. Ikabidi nami nipige magoti kando yake, nimshushe mikono mmoja mmoja.

“Baba batoto,” nikamwambia, “tulishavuka.”