Ufunguo Nyuma ya Tofali

Jirani yangu alihamia katika ua wetu akitoka kijiji cha Bule, na kabla hata ya kutandika kitanda alidai kufuli. Lango lifungwe jua likizama. Kwao alikimbia mashambulizi usiku, mtoto mgongoni, na tangu hapo usingizi ulimpaa.

Mimi nauza samaki wa kukaanga, jioni, humohumo uani. Wateja hukaa kwenye mabenchi yangu wakila na kuusengenya mtaa mzima. Lango likifungwa, nimkaangie nani, paka?

Tulijadiliana siku kadhaa, vikombe vya chai mkononi, kwa adabu ya mabalozi.

"Yaya, weye unataka watu, miye nataka kulala," aliniambia, akiniita dada mkubwa kwa heshima.

Nikapendekeza tukutane katikati, nikijiona mwerevu kupindukia. Lango litafungwa, ila ufunguo utakaa nje, nyuma ya tofali lililolegea, na wateja wa kuaminika tu ndio watakaojua.

Lakini hapa mjini Bunia mtu hali samaki peke yake. Mteja wa kuaminika alimleta shemeji yake, shemeji akaleta wenzake wa kwaya, na kwaya ina midomo mingi. Punde kila mtu alikuwa akijifungulia, na akitoka anafunga kwa heshima na kurudisha ufunguo. Sijaona ua ukivamiwa kwa adabu namna ile.

Jioni moja mwanamume tusiyemjua akagonga dirisha la jirani yangu. "Mama, pardon, ufunguo haiko ku tofali. Muliiweka wapi?"

Nilimkuta jirani ameketi nyuma ya mlango wake, ameshika ufagio. Nilitaka kucheka, kisha nikaona ameushika kama rungu. Nilimhurumia sana.

"Siye wawili tulipatana, yaya," akasema. "Lakini ule mwenye namuogopa hakukuwa pa chai yetu."

Nikamkabidhi ufunguo, afunge apendavyo. Kesho yake hakufunga. Alileta kiti, akakaa langoni, ufunguo shingoni, akimkagua kila anayeingia kuanzia viatu hadi nywele: anaishi wapi, shemeji wa nani. Wateja walilalamika kwamba kuvuka mpaka wa Uganda ni rahisi zaidi.

Siku chache baadaye maswali yakakoma ghafla. Nikaenda kutazama. Lango lilikuwa wazi, naye amelala kitini, anakoroma. Nikavuta benchi, nikakaa kando yake kumlindia lango. Samaki waliokuwa motoni waliungua wote.