Waya wa Kibandani na Mgomba wa Mpishi

Hata leo nikiona bustani iliyonyooshwa kwa kamba, damu inanichemka.

Enzi za Wabelgiji nilikuwa fundi umeme pale Kasongo, na kazi yangu karibu yote ilikuwa mtaa wa Wazungu, kwani umeme wenyewe haukuvuka mtaa huo. Siku moja nikaitwa na mke wa ofisa mmoja, tuliyemwita Madamu. Alitaka nivute waya kutoka nyumbani kwake hadi kibanda cha bustani, niweke taa humo. Kibandani mlikuwa na majembe, reki na toroli. Nikamuuliza taa ni ya nini, maana hakuna alimaye usiku. Akanijibu kwamba kazi yangu ni waya, si maswali. Haya.

Waya wa nje hufukiwa. Unachimba mtaro wa kufika magotini, unamwaga mchanga, unalaza waya, kisha unapanga matofali juu yake ili jembe lisije likaukata. Nilipofunga kamba kutoka ukutani hadi kibandani, ikapita juu ya mgomba uliokuwa nyuma ya chumba cha mpishi. Mpishi akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

"Fundi, ndugu yangu, pale hapana! Pale iko kitovu ya mutoto wangu."

Sikuhitaji maelezo. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa chini ya mgomba, na mgomba huo hauguswi mpaka uzae na bibi yake mtoto aonje ndizi za kwanza. Mpishi alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu. Nikahamisha kamba, waya ulitosha kuzunguka na kubaki.

Madamu akaja, akaitazama ile kona ya kamba kwa kinyaa.

"Hapana! Mimi nataka mustari moja, sawasawa."

"Madamu, iko kitovu ya mutoto," mpishi akasema. "Fundi atapita pembeni."

"Ile ni ndizi tu. Kata. Wewe mwenyewe kata!"

Mwenyewe! Nikatupa sururu chini, nikasema mimi hapo sichimbi. Mpishi akachukua jembe. Hakukata. Alichimba mbali na shina, akaung'oa mgomba pamoja na udongo wake wote. Kisha akavua koti lake jeupe la kazi, akalitandaza, akaufunga mzigo kwa mikono ya koti.

"Koti yangu!" Madamu akapiga kelele.

Mpishi akajitwika, akatokea lango la mbele, lile ambalo watumishi walikatazwa kulipita. Mkewe akamfuata, mtoto mgongoni.

Shimo likabaki, nami nikalaza waya kwenye mstari wake ulionyooka. Nikawasha taa mchana kweupe. Ikamulika reki na toroli. Madamu akapiga makofi. Halafu akakumbuka tumbo lake, akaniuliza sasa nani atapika.

"Madamu," nikamwambia, "kazi yangu ni waya."