Sauti Iliyotoka Nyuma Yangu Jumuiyani

Nilikuwa nimeapa mkasa huu usivuke mtaa wetu wa Majengo, lakini nimesikia umeshafika Namanyere na huko wameuongezea chumvi, kwa hiyo bora niusimulie mwenyewe, angalau niaibike kwa kipimo halali.

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Hata daktari akiniandikia vidonge kutwa mara tatu, namuuliza mwisho kabisa ni mara ngapi. Basi mama mkwe alipokuja kukaa kwetu, magoti yakimsumbua, nikaamua kumjengea bafu la ndani, maana choo chetu kiko nyuma ya nyumba, na upepo wa Sumbawanga wa mwezi wa saba mnaujua. Naye alinieleza kwa upole wake: "Baba, baridi hii siiwezi. Bafu lisipokamilika ndani ya wiki mbili, mnirudishe kwangu Namanyere, nisiwasumbue." Mke wangu alinitazama, na nilielewa kwamba mama akipanda basi, na mimi nitafute pa kulala.

Deo, fundi bomba wetu, alishasema tupime presha kabla ya plasta: unajaza bomba, unafunga koki zote, unatazama mshale wa geji, ukishuka ujue kuna mahali panavuja. Lakini fundi wa plasta alikuwa kwa jirani anamalizia kazi, na akivuka ua tu siku hiyo hiyo ananipunguzia, nikasema apige, presha itasubiri.

"Bosi, bomba hupimwa likiwa uchi," Deo akalalamika.

"Acha livae," nikamjibu, "baridi hii."

Jumamosi tukapima. Maji yalikuwa ya mgao na hayakutoka, nikaazima kompresa ya fundi pancha, Deo akajaza upepo kidogo kidogo huku akinung'unika kwamba bomba la plastiki halichezewi na upepo, hupasuka. Mshale ukapanda, ukatulia, halafu ukaanza kuteremka taratibu. Tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio kilichoonekana, hakuna kitu. Panapovuja pamefunikwa na plasta, na bafu lina kuta nne! Tungetega sikio tusikie upepo, lakini mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inaunguruma, hata mawazo yako huyasikii.

"Itabidi tubomoe," Deo akasema.

"Ukuta mmoja."

"Upi?"

Nikaanza kuhesabu kuta upya, labda zipungue.

Tukiwa bado tunabishana, wanajumuiya wakaanza kuingia (sala huzunguka nyumba kwa nyumba, zamu ilikuwa yangu, na kwa hekaheka zile nilisahau kabisa). Deo akataka kutoa upepo wote kwanza. Nikamwambia aongeze kidogo auache humo humo, tuone baada ya sala mshale umefika wapi. Nikanawa, nikakaa kwenye benchi sebuleni, mgongo kwenye ukuta wa bafu, ambao hata upande huu ulipigwa plasta, mama mkwe kando yangu, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja kama heshima inavyotaka. Mbele ya mama mkwe, jamani, hata chafya unaifikiria mara mbili.

Mzee Fidelis, mwenyekiti wetu, akasema, "Sasa kila mmoja atoe nia zake kimoyomoyo." Kimya. Na mashine ya kusaga, kana kwamba nayo ni mwanajumuiya, ikazimwa.

Prrrrt.

Ilitoka chini, nyuma yangu hasa, nene na yenye unyevu. Watoto wakaziba vinywa. Mama mmoja akanyanyuka akafungua dirisha, katika baridi ile!

"Samahani," nikasema, "si mimi. Ni bomba."

Mzee Fidelis hakufumbua hata macho. "Baba Leokadia, sote tuna mabomba. Tuendelee kusali."

Prrrrrt.

"Nia hiyo imefika!" mtu akasema kutoka mlangoni, na jumuiya nzima ikaangua kicheko. Nikasimama, jasho linanitoka, nikaelekea mlangoni nikiwaza niende Kasesya nivuke mpaka, Zambia hawanijui. Kule benchini prrrrt ikaendelea bila mimi.

"Nyamazeni!" Alikuwa mama mkwe. "Baba Leokadia yuko kule, sauti imebaki huku. Tena mimi nimekula ugali wa ulezi tangu utoto, hakuna tumbo linaloweza kuendelea hivi bila kupumzika." Akainama kwa taabu, akaweka kiganja ukutani, karibu na sakafu, pale plasta mbichi ilipokuwa na ufa. "Fundi, njoo. Hapa panapumua."

Deo akaja mbio, akapaka povu, likavimba kama andazi. Tulipomaliza sala (nayo ilimalizwa kwa shida) akatoboa tundu lenye ukubwa wa sahani, akakikuta kiungio hakikushika, akakitengeneza, tukapima tena. Mshale ukaganda. Kuta tatu hazikuguswa, na Jumatatu marumaru zikaanza kubandikwa.

Siku mama alipooga humo kwa mara ya kwanza, alitoka amejitanda kanga, mvuke unamfuata, akasema, "Asante, baba." Sikuweza kumtazama usoni, kwa heshima, na kwa aibu ya ile sauti.

Tangu hapo, fundi akisema presha kwanza, ni presha kwanza, hata fundi wa plasta akija bure na mchanga wake. Wanajumuiya bado wakifika kwangu hukimbilia viti vya karibu na dirisha. Wacha wakae. Mama bado ananilalamikia magoti yake kila asubuhi, humu humu ndani, na mimi namsikiliza malalamiko yote, simpunguzii hata moja.