Munganga alinituma nitembee bila kwenda fasi yoyote, karibu ndoa yangu ivunjike

Wakuu, bonjour kwenu wote.

Hii naandika ilinipata mi mwenyewe, hapa kwetu Nyabiondo, Masisi. Sitaongeza chumvi hata kidogo. Kwanza munganga alinikataza, pili bibi yangu Mama Furaha ameikala hapa pembeni, anasoma kila neno. Ameshasema nikidanganya ananyanganya telefone.

Kiswahili yangu ni ya Kivu. Mwenye anataka ile ya mutihani, anivumilie tu.

Bon, tuanze.

Mi niko na butiki kidogo hapa kati ya muji. Nauzisha sabuni, chumvi, biskwiti, tena nachajaka telefone za watu na sola. Baba yangu alikuwa mulimaji, babu yangu mulimaji, wote walizeeka wembamba. Mi njo wa kwanza mu jamaa yetu kutafuta maisha nikiwa nimeikala ku kiti.

Basi tumbo ikakuja. Shingo ikaondoka.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai ya sukari mingi na mandazi. Katikati ya siku bugali, jioni bugali, na saa zenye hakuna muteja nakula biskwiti za butiki yangu mwenyewe. Chumvi nilikuwa naongeza hata mbele ya kuonja. Nikaona ni maisha muzuri, na watu wakanisifu: eh Papa Furaha, sasa umekuwa mukubwa!

Kisha kichwa ikaanza kunigonga. Nikisimama mbio, bangu-bangu, naona nyota mchana. Nikapanda moto, ile pikipiki ya kulipa, mpaka Mweso ku hopitali.

Munganga akafunga ile kitambaa yake ku mukono yangu, akapompa, akaangalia. Akapompa tena. Akaita mwenzake aje naye aangalie.

Wakuu, ukiona munganga anaita mwenzake, jua haiko ju ya uzuri yako.

"Papa, tansiyo ya damu iko juu sana," akasema. "Unatembeaka?"

"Kwenda wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. Mi sikuona kitu ya kucheka.

Akanipatia dawa, akanipatia na masharti. Chumvi kidogo. Mawese kidogo. Bugali nusu ya ile nilizoea, mboga na maharagi mingi. Nilale mapema, niache kubeba mawazo. Na kila asubuhi nitembee, mikono mitupu, bila muzigo, bila haraka. "Ukikataa, siku moja utaanguka pale ku kiti yako na hakuna mwenye atakuamsha," akasema. Ile maneno iliniingia. Watoto wangu bado wako ku masomo, wakuu, na mi sijachoka kuishi.

Nikarudia nyumbani, nikaelezea bibi yangu yote. Chumvi, alisikia. Mawese, alisikia, lakini uso ikabadilika. Nikafika ku kutembea.

"Utatembea unaenda wapi?"

"Hakuna fasi. Kutembea tu."

Aliniangalia wee. "Eh," akasema. Ile "eh" ningeichunguza vizuri, nisingepata haya yote.

Sasa mi nikaona kutembea ni ya wazee. Mu telefone nilikuwa nimeona wazungu wanakimbia asubuhi na tukaptura, wanacheka. Nikasema, kama kutembea ni dawa, kukimbia ni dawa mbili. Kesho yake, jua inatokea tu, nikavaa kaptura ya mutoto wangu mukubwa, nikatoka mbio.

Wakuu wa Kivu mumeshaelewa. Wengine niwaelezee: huku vita inakujaka bila hodi. Hapa kwetu mwanaume muzima hakimbiake bure asubuhi. Tukiona mutu anakimbia, hatuulizake anakimbia nini. Tunakamata watoto na godoro, tunamufwata, kuuliza ni ya mbele ya safari.

Nilipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nikasikia kelele nyuma. Nikageuka.

Yesu wangu. Avenue yote iko nyuma yangu! Magodoro ku vichwa, mbuzi, sufuria yenye maharagi ya moto ndani. Mwenye kushona nguo amebeba mashini yake. Na mi, kuona vile wanakimbia, nikaogopa. Nikasema kumbe kuna kitu kweli, mi sijasikia. Nikaongeza mbio. Wao pia wakaongeza.

Tulifika mpaka ku mutoni. Pale pumzi ikaniisha, nikaanguka ku majani. Watu wakanizunguka: "Papa Furaha, vita iko wapi? Wako wangapi?"

"Ni... ni spori ya mwili," nikasema.

Sitaandika matusi nilipata, kuna watoto wanasomaka hii jukwaa. Mama moja alinimwangia maharagi ku miguu. Shefu wa kijiji akaniita, akaniambia mbele ya watu wote: "Papa, hapa kwetu mwenye kukimbia ni lazima aseme sababu. Na wewe huna sababu. Kuanzia leo unatembea."

Basi nikarudia ku ile munganga alisema tangu mwanzo.

Nikachagua kilima ya juu ya muji, kule wafugaji wanalishaka ngombe. Napanda asubuhi, nafika juu, napumua, narudi kufungua butiki. Muzuri sana, sivyo?

Wapi! Huwezi kutembea Masisi mikono mitupu na watu wakunyamazie. Wa kwanza ananiuliza, "Nani amekufa?" Nasema hakuna. Wa pili anatoa pole bila kuuliza. Mama moja alinifwata mpaka karibu ya juu kwa sababu alizani naenda ku kilio, na yeye hapendake kukosa kilio.

Halafu wakazoea, ikawa mbaya zaidi. Kwa sababu mutu mwenye kupanda kilima bila muzigo, ni mutu wa kubebea wengine. "Papa Furaha, vile unaenda juu, nipelekee hii kuku kwa shangazi yangu." Nitakataa na maneno gani? Kama ningekuwa na fasi naenda, ningesema nimechelewa. Lakini sina fasi! Nilibeba kuku. Nilibeba bidon ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Siku ingine nilibeba mulango, wakuu, mulango ya mbao na pata zake zote. Tansiyo siku ile, hata sikutaka kujua.

Mu nyumba nako mambo ilikuwa inaharibika, na mi nilikuwa sioni.

Ya kwanza ilikuwa bugali. Hapa mwanaume akiachaka nusu ya bugali ku sahani, bibi yake hasemi "amekuwa na tansiyo". Anasema amekula kwingine. Mi nilikuwa naacha nusu kila siku, tena na furaha, nashukuru na kupanguza mudomo.

Ya pili, nilikuwa nasema chumvi imezidi. Miaka yote sijasemaka chakula yake vibaya, leo chumvi imezidi. Mwanamuke anajiuliza: huyu anafananisha na sufuria ya nani?

Ya tatu ilikuwa kuoga. Kabla, nilikuwa naoga jioni, tena kwa kusukumwa. Sasa natoka asubuhi bila kusema naenda wapi, narudi na jasho, naingia mu maji mbio mbio. Na naimba.

Tena nikaanza kupunguka. Surwali ikawa kubwa. Jirani wakasema penzi mupya njo inakulaka mutu vile. Wakamutafutia na jina ya fasi: ni mwanamuke wa Kashebere, kule Walikale, mwenye analetaka mawese na moto siku ya soko. Ule mama mi simujue hata uso! Na mawese nilikuwa nimeacha! Lakini nani atanisikia?

Mama Furaha hakunigombeza. Angenigombeza ningeelewa. Nikimusalimia, anajibu na kichwa. Siku moja narudi ku kilima, nakuta amekunja vikwembe vyake vyote, vitenge vya kuvaa, ku kitanda, moja juu ya ingine, na sakoshi ya kusafiria imefunguka pembeni.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna fasi," akajibu. "Kutembea tu."

Wakuu, nikashika ile sakoshi. Mwanamuke nilianza naye tangu hatuna hata kiti, na sasa anaondoka ju ya afya yangu. Nililia. Sina haya ya kuandika nililia. Akasema machozi niwawekee wazazi wake, wako mu njia wanakuja.

Wakakuja, Papa mukwe na Mama mukwe. Papa mukwe ni mulimaji, mikono yake peke inaonyesha. Wakaikala, wakakataa chai. Kwetu mukwe akikataa chai, ujue kesi imeshaandaliwa.

"Mukwe wetu," akaanza Papa mukwe, taratibu. "Tumesikia unatokaka asubuhi. Unaenda wapi?"

"Papa, munganga wa Mweso alisema nitembee."

"Ni muzuri. Utembee mpaka wapi?"

"Popote, Papa."

Akafikiri. "Ile Popote iko mu groupement gani, kijiji gani?"

"Haiko fasi, Papa. Nafika juu ya kilima, narudi."

"Unaenda kufanya nini juu?"

"Kurudi."

Mama mukwe akafunika uso na kikwembe, akasema, "Mwanangu, huyu hata kudanganya hajui. Tufunge vitu twende."

Papa mukwe akasimama. Akasema haki ni haki, hawezi kubeba mutoto wake bila kuona na macho. Kesho asubuhi tutapanda wote, nitawaonyesha kila fasi nafikaka. Na kama kuna nyumba mu njia, nisithubutu kuiruka.

Basi asubuhi tukatoka. Mi mbele, Papa mukwe nyuma yangu na fimbo, Mama mukwe, kisha Mama Furaha. Nyuma yao majirani wenye hawakualikwa. Nilipanda ile kilima najiuliza. Sina kosa, lakini utaonyesha aje kama mwanamuke hayuko? Mwanamuke mwenye yuko, unamuonyesha. Mwenye hayuko, unaonyesha nini?

Tukafika juu. Majani, jiwe, ngombe, na Papa Anselme, mufugaji wa kule, anakamua maziwa.

"Njo hapa nafikaka," nikasema.

Papa mukwe akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Akachungulia nyuma ya jiwe. Akachungulia na nyuma ya ngombe.

"Huyu mutu unamujua?" akauliza Papa Anselme.

"Namujua sana. Anafikaka hapa, anapumua kwa nguvu, anarudi. Sisi tulizani ni mutu wa maombi. Bibi yangu alimuombaka aombee ile ngombe yetu yenye ilikataa kuzaa."

"Akaombea?"

"Akaombea. Imezaa."

Ni kweli, niliombea. Ningefanya nini?

Wakuu, mulizani Papa mukwe alifurahi? Alikasirika kuliko kama angekuta wanawake watatu! "Umetupandisha hapa na magoti yangu, na hakuna hata mutu wa kugombeza?" Akazunguka jiwe mara ingine, labda nimeficha vizuri. Mwishoni akaikala chini. Papa Anselme akamupatia kikombe ya maziwa, akakunywa yote, akapanguza ndevu, akageukia Mama Furaha.

"Mwanangu, mume wako hana mwanamuke. Ana ujinga. Ule tulimukuta nayo siku ya mahari, na tulikubali. Rudisha vikwembe."

Majirani wakacheka mpaka ngombe zikaondoka. Mama Furaha hakucheka. Aliteremuka, akarudisha vikwembe mu kabati. Mi nikasema bon, ndoa imepona.

Lakini haikuwa imepona. Ilikuwa imepumuzika tu.

Siku iliyofwata naamka kwenda kutembea, namukuta ameshavaa viatu. Ameshika kitunga.

"Twende wote," anasema. "Nataka kuona ile unaonaka kule."

"Munganga alisema bila muzigo."

Akaweka kitunga chini. Akasimama pale ku mulango, hajui mikono aiweke wapi. Akaifunga mbele, akaiweka nyuma, akaiachilia.

Tukapanda. Na wakuu, sikilizeni hii. Ile njia bibi yangu anaipitaka tangu utoto wake, na kuni, na mihogo, na mutoto juu ya mihogo, na kamba ya kubebea imekaza ku paji ya uso. Sasa kila saa namuona anapandisha mukono ku paji, anatafuta kamba ili aivute. Haiko. Anashusha mukono. Kidogo tena anapandisha.

Tena alikuwa anatembea ameinama. Bila kitu ku mugongo, ameinama!

Nikamuambia, "Mama Furaha, nyoosha mugongo, hakuna kitu."

Akanyoosha. Akasimama katikati ya njia, akaangalia mbele, akaangalia vilima yote mpaka kule Walikale. Akaniambia, "Sikujua huku kunaonekana vile. Mi najuaka tu mawe ya chini."

Kisha akaanza kucheka, na kucheka ikageuka machozi, na mi sikujua nifanye nini, nikashika mukono yake mu njia, mbele ya watu. Kwetu haifanywake. Nikaishika tu.

Tuliikala juu mpaka jua ikawa kali. Butiki ilifunguka saa ya kuchelewa, na dunia haikuanguka. Alinielezea mambo ya miaka mingi yenye sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimezani mi njo mwenye mugonjwa mu ile nyumba.

Nilirudia Mweso. Tansiyo imeteremuka, munganga amefurahi. Bugali bado ni nusu, na Mama Furaha ameacha kuiangalia vibaya. Sombe, kisamvu kwa nyinyi wa Dar, bila mawese bado inatugombanisha, kwa sababu sombe bila mawese ni majani, mbuzi peke njo inaweza kukushukuru.

Fundisho yangu ni hii: munganga akikupatia sharti, usiende nayo peke yako kama mwizi. Enda na wenye munaikala nao nyuma ya mulango moja. Kule juu siku hizi hatubebake mulango ya mutu. Mutu akitoa kuku tumubebee, Mama Furaha anamuambia tuko ku dawa.

Sasa nyinyi wa Bukavu, wa Bunia, wa Kigoma, wa Dar, nawauliza, na mujibu kweli. Kwenu mama anatembeaka mikono mitupu siku gani?

Mi kwa yangu nimetafuta mu kichwa wiki nzima, nimepata siku moja tu: siku ya arusi yetu. Na Mama Furaha amesoma hapa, anasema nirekebishe. Ile siku alibeba maua.